Uzi Mwekundu kwenye Pindo

Mimi sipendi kusahihishwa mbele za watu. Nalisema mapema usije ukanihurumia kupita kiasi huko mbele. Ningekuwa mtu wa kumeza neno na kushushia maji, shela ya mdogo wangu isingegusa chai, nami ningekuwa nalala usingizi wangu wa zamani.

Kazi yangu ni ubunifu wa jukwaa. Mchezo wa kuigiza ukiletwa kwenye jumba letu, mimi ndiye ninayeamua watu watavaa nini, watakalia nini, ukuta utakuwa na rangi gani na dirisha litaelekea wapi. Nachora, nakata kadibodi, naunda jukwaa dogo la kutosha mezani, kisha maseremala na mafundi cherehani wanaligeuza kuwa kubwa. Watu wa nje wanadhani nikishachora nimemaliza. Kwetu mchoro ndio mwanzo wa ugomvi. Seremala atasema mbao za namna hiyo hazipo, fundi wa taa atasema ukuta unamnyima nafasi, mwongozaji ataamka na wazo jipya kabla hata hajanawa uso. Kila mtu anabadilisha kidogo, na kila badiliko linagusa la mwenzake.

Ndiyo maana kuna daftari. Linakaa juu ya kimeza kwenye mlango wa kuingilia jukwaani, limefungwa kamba ili lisitembee. Mwenyewe ni meneja wa jukwaa, mama mmoja mwembamba tunayemwita Kengele, kwa sababu hajawahi kuchelewa wala kunyamaza. Ukihamisha hata kigoda unaandika: nini, saa ngapi, nani. Kabla ya mchezo kuanza kila mkuu wa kitengo anasoma yaliyoandikwa na kuweka sahihi. Sharti hilo nilikuwa nimelitii kwa miaka kumi na sita, na wanaolivunja niliwasema bila huruma.

Halafu kuna Mzee Chumvi, mwenye stoo ya nyuma. Yeye anahakikisha hakuna kinachoungua. Kila pazia na kila gauni litakalopita karibu na moto linachovywa kwenye pipa lake la maji ya chumvi. Siyo chumvi ya mezani. Ni unga mweupe anaouchanganya mwenyewe, na nguo ikikauka nao moto hauipandi. Kisha anakata kipande chembamba kwenye pindo, anakishika juu ya mshumaa na kuhesabu kwa sauti hadi kumi na mbili. Kikigeuka cheusi tu bila kushika moto, anashona uzi mwekundu kwenye pindo hilo, mishono mitatu. Nguo yenye uzi mwekundu imepita. Isiyo na uzi haipandi jukwaani, hata avae nani. Ukutani kwake ameandika kwa mkaa, kwa herufi za mtu aliyechoka kurudia: RANGI KWANZA, CHUMVI MWISHO. Maana chumvi ile ikikutana tena na maji inatoka, na hilo hata aliyeanza kazi jana analijua.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa bibi harusi aliyekimbiwa siku ya harusi, anazunguka nyumba nzima na koroboi akimtafuta mume. Mwongozaji alitaka moto wa kweli. Kengele aliomba itumike taa ya betri, mwongozaji akamjibu kwamba moto wa betri hautetemeki, nami, Mungu anisamehe, nikamuunga mkono. Tukakubaliana kwa maandishi kwamba koroboi itakaa juu ya meza na bibi harusi atasimama hatua tatu mbali nayo. Meza hiyo niliichora mimi.

Bibi harusi alikuwa mdogo wangu. Nyumbani tunamwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama. Nimempita miaka kumi na minne. Nilimbeba mgongoni, nikamfunga vifungo vya sare ya shule, na hadi leo nikimvisha namwambia anyooshe mikono naye ananyoosha, mtu mzima mwenye nyumba yake. Hakubali mwingine amshike kichwa kumbandika pini.

Shela yake niliitengeneza kwa melimeli, pamba nyepesi unayoweza kuipitisha kwenye pete. Mzee Chumvi aliichovya, akaijaribu, akaishona uzi wake. Alhamisi tukafanya mazoezi ya mwisho na mavazi kamili. Hapo ndipo ikajulikana kwamba fundi wa taa alikuwa amebadilisha taa za juu, akaweka za mwanga wa buluu. Kitinda alipotokea, shela iliwaka weupe hadi uso wake ukapotea ndani yake. Nyeupe kabisa haifai jukwaani, nami nalijua hilo kuliko mtu yeyote, lakini shela niliipima kwa taa za zamani, siyo zile.

Mwongozaji alikuwa amekaa katikati ya ukumbi. Akasema kwa sauti, wote tukimsikia, kwamba shela inampigia kelele na kwamba labda mbunifu wetu ameanza kuhitaji miwani. Watu wakacheka. Hata Kitinda alicheka kidogo, kule juu, ndani ya weupe wake. Nilikusanya karatasi zangu nikaondoka bila kuaga, na sikukanyaga kwenye kikao cha kesho yake jioni.

Dawa ya weupe ni chai. Wabunifu wote tunaijua: majani mengi, maji ya moto, unachovya nguo dakika tano na inatoka na rangi ya mfupa, macho yanapumzika. Ijumaa asubuhi Mzee Chumvi hakuwepo, alikwenda kung'olewa jino. Ningeweza kumsubiri. Ningeweza kuichovya kwenye chai, nikamwachia aichovye tena kwenye chumvi yake na kuijaribu upya. Lakini hiyo ingekuwa kukiri kwa jumba zima kwamba nilikosea rangi, na ingebidi niandike kwenye daftari, na mwongozaji angelisoma akitabasamu. Nikajiambia kuchovya siyo kufua. Nikajiambia pia kwamba koroboi iko mezani, hatua tatu, hakuna cha kutokea. Niliichovya kwenye beseni, nikaianika, nikaipiga pasi. Ilipendeza hadi nikaimba. Uzi mwekundu ulikuwa palepale kwenye pindo, umefifia kidogo tu. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mimi nilikuwa nimeukanyaga huku naimba.

Jumamosi saa tisa alasiri ukumbi ulijaa. Nilimvisha Kitinda nikiwa na hasira zangu bado, midomo imeshika pini, na alipotaka kunieleza jambo kuhusu mlango atakaotokea nilimwambia anyamaze nisimchome. Nikaweka sahihi yangu kwenye daftari la Kengele bila kusoma hata mstari, nikiwa nusu mlangoni. Kisha nikaenda kukaa na mama, safu ya tatu, ambaye alikuwa amevaa vizuri kuliko waigizaji.

Sehemu ya kwanza ilipita vizuri. Taa zikazimika, zikawaka tena kwa sehemu ya pili, na mimi nikaangalia jukwaa langu kama kawaida yangu, kushoto kwenda kulia, kuhesabu vitu. Kiti. Sanduku. Dirisha. Kioo.

Meza haikuwepo.

Kwanza nilikasirika tu. Nani amegusa meza yangu? Kisha nikajiuliza koroboi itawekwa wapi, na jibu likaja. Koroboi isiyo na meza hushikwa mkononi.

Mama akaniuliza mbona napumua hivyo. Nikamdanganya kwamba kuna zipu nakwenda kuiangalia, nikajipenyeza katikati ya magoti ya watu, nikatoka. Ukumbini nilitembea. Nilipofika kwenye ujia wa nyuma nilikimbia.

Kwenye daftari kulikuwa na mwandiko wa Kengele, Ijumaa saa kumi na moja jioni, wakati wa kikao nilichokisusia: meza imeondolewa, bibi harusi sehemu ya nne anaingia kushoto na koroboi mkononi, anaiinua usawa wa uso, anazunguka mara tatu. Sababu iliyoandikwa ilikuwa kwamba shela ina uzi mwekundu na Mzee Chumvi ameridhia. Sahihi zote zilikuwepo. Na yangu ilikuwepo, mbichi, ya nusu saa iliyopita. Chini yake, nafasi ya mabadiliko ya mavazi ilikuwa tupu tangu Jumatano.

Nilijiambia pengine chumvi haikutoka yote. Nikaenda chumba cha rangi, nikapekua kikapu cha masalio hadi nikapata kipande cha melimeli ileile nilichokichovya pamoja na shela ili nipime rangi. Kilikuwa kimepita kwenye pipa na kwenye chai sawasawa na mwenzake. Nikakishika juu ya sinki kwa kibanio, nikawasha kiberiti. Sikuwahi kusema moja. Kilishika, kikapanda, kikaisha, na kibanio kikabaki kinafuka mkononi mwangu.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipo mimi hasa. Mlango wa Kengele ulikuwa hatua ishirini kutoka kwenye sinki lile. Neno moja tu lilitakiwa. Badala yake nilikimbilia chumba cha mavazi kutafuta shela ya zamani ya mazoezi, ile nzito, iliyopita kwenye pipa la chumvi na haikuwahi kuoshwa tena. Nilitaka kubadilisha kimyakimya. Nilitaka mdogo wangu awe salama na mtu yeyote asijue. Nilipindua masanduku mawili, nikaikuta chini ya la tatu, na muda wote huo nasikia kwenye kipaza sauti cha ukutani sehemu ya tatu ikianza, sauti za waigizaji zikija na kwenda, na kila sentensi niliijua inasogeza koroboi karibu.

Chumba cha Kitinda kilikuwa kitupu. Alikwisha kwenda upande wa kushoto. Kufika huko ni kupita nyuma ya pazia la mwisho, ujia wa upana wa bega, na katikati yake niliukuta ukuta wa sehemu ya tano umeegeshwa. Ukuta wangu mwenyewe, niliouchora mpana kuliko seremala alivyoshauri. Nilijaribu kupita chini, nikakwama, nikarudi kinyumenyume na shela mkononi.

Nikafika kwa Kengele, upande wa kulia. Alikuwa amesimama mbele ya kimeza chake, amevaa kipaza sauti kidogo cha kichwani. Wakuu wa vitengo walio zamu wanavaa kama hicho na wanasikiana: fundi wa taa, mwongozaji kule juu, Mzee Chumvi ng'ambo. Kengele peke yake ndiye anayeweza kusimamisha mchezo, na hausimamishi bila kutaja sababu, na sababu husikika kwa wote. Nilijua hivyo. Nilisimama nyuma yake nikanyamaza. Nilikuwa bado natafuta njia. Labda nimwandikie Kitinda kikaratasi. Labda nimpungie mkono.

Ng'ambo ya jukwaa, kwenye kiza cha mapazia, nikamwona. Kitinda alikuwa amefumba macho akijiandaa, shela imemfunika hadi kiunoni, rangi ya mfupa, nzuri kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Pembeni yake alikuwa Mzee Chumvi, shavu limevimba kwa jino lake, blanketi bichi begani na ndoo ya maji miguuni kama sharti linavyotaka. Kabla ya kuwasha koroboi aliinama. Akaishika shela kwa vidole viwili, akageuza pindo, akatafuta. Akauona uzi wake mwekundu. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akamgonga Kitinda begani kwa upole, akawasha kiberiti.

Nilimshika Kengele mkono hadi akageuka na macho makali.

"Simamisha," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Shela niliichovya kwenye chai baada ya chumvi. Sikuandika. Itawaka."

Hakuniuliza mara ya pili. Aliyarudia maneno yangu kwenye kipaza sauti, yaleyale, na jina la kazi yangu, kisha akaamuru pazia lishuke. Lakini pazia letu ni zito na hushuka polepole, na Kitinda alikuwa amekwisha kuingia. Hatua moja. Ya pili. Mkono wenye koroboi ulianza kupanda kuelekea usoni, kama alivyofundishwa, na moto ukainama upande wa shela kwa upepo wa mwendo wake.

Mzee Chumvi ndiye aliyeingia. Aliingia jukwaani na ovaroli lake na blanketi lake na shavu lake, mbele ya ukumbi mzima. Akamshika bibi harusi kifundo cha mkono, akakivuta chini, akaipuliza koroboi ikazimika. Watu wakadhani ndiye mume aliyerudi. Wakacheka, wakapiga makofi. Pazia lilipogusa sakafu bado nilimsikia mama yangu, safu ya tatu, akipiga makofi kuwashinda wote.

Ilitangazwa kwamba kuna hitilafu ndogo. Tulitoka uani. Mzee Chumvi aliivua ile shela kichwani mwa Kitinda yeye mwenyewe, akakata kipande kwenye pindo, pembeni kabisa ya uzi wake, akawasha mshumaa. Kilipowaka papo hapo hakunitukana. Aliangalia vidole vyake, akaanza kung'oa ile mishono mitatu mmojammoja kwa ncha ya mkasi. Mwongozaji alifungua mdomo, Kengele akamtazama, akaufunga.

Kitinda alikuwa ameegemea ukuta. Bado alikuwa ameshika koroboi iliyozimika.

"Dada, ulijua saa ngapi?"

Wengine wote wangeamini lolote ambalo ningelisema. Hakuna aliyeniona chumba cha rangi. Ningeweza kusema nilishtuka pale pale.

"Nilipoona meza haipo," nikamjibu.

Yeye hucheza na nambari za jukwaa kichwani. Waigizaji wote wazuri wanazijua sehemu zao kwa dakika.

"Mwanzo wa sehemu ya pili," akasema. "Kutoka pale mpaka mimi kuingia ni dakika kumi na tisa."

Nikasema nilikuwa nahakikisha. Akaniuliza kuhakikisha kulichukua muda gani. Nilifikiria kile kipande kwenye kibanio, ambacho hakikunipa nafasi hata ya kusema moja. Alikwenda ndani kubadilisha shela. Alimwita fundi cherehani ambandike pini.

Mchezo uliendelea na koroboi isiyowashwa na ile shela nzito, nyeupe kupita kiasi, uso wa mdogo wangu umepotea ndani yake. Hakuna mtazamaji aliyelalamika. Mimi nililifungua daftari nikaandika nini, lini na nani, na palipotaka saa ya kugundua kosa nikaandika ile ya kweli. Mwongozaji alisoma, akaniambia nimalize mchezo huu halafu tutazungumza. Mama, tulipokuwa tunamrudisha nyumbani, alisifu sana yule mzee mwenye shavu. Kitinda alikaa mbele na dereva na hakugeuka. Nilimwambia mama ukweli mlangoni kwake, na sitaeleza alichosema.

Jumapili nilifika kabla ya waigizaji. Shela ya melimeli ilikuwa imelala usiku kucha kwenye pipa na kukauka, rangi ileile ya mfupa, na Mzee Chumvi alikuwa ameishona uzi mpya. Kitinda alipofika niliipeleka chumbani kwake nikaiweka kitini. Sikumwambia anyooshe mikono. Nilitaka kutoka nimwitie fundi cherehani.

"Subiri," akasema.

Alikuwa na mkasi na mshumaa mezani kwake, katikati ya poda na rangi za midomo. Akageuza pindo, akaangalia uzi mwekundu, hakutosheka nao. Akakata kipande chembamba mwenyewe. Kisha akanisogezea kiberiti.

Nikawasha mshumaa. Njiti mbili zilivunjika kwanza. Yeye akakishika kile kipande juu ya moto kwa kibanio cha nywele na kuanza kuhesabu kwa sauti, polepole, akinitazama mimi badala ya moto. Kilifuka, kikageuka cheusi, hakikuwaka. Alifika kumi na mbili. Kwa Mzee Chumvi ingetosha, na mimi nikashusha pumzi na kunyoosha mkono nizime mshumaa.

Hakunyamaza. Kumi na tatu, akasema. Kumi na nne. Nikaurudisha mkono wangu. Alihesabu hadi kumi na tisa, zote, bila kuharakisha hata moja, nami nilizisikiliza zote nikiwa nimesimama.

Kisha akapuliza mshumaa, akakaa, akainamisha kichwa nimvishe.